Kuziba Si Kupaka

Sijui methali yetu nyingine inayotumiwa vibaya kuliko ile isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwenye gari linalovuja hapa Kagongwa huitaja akiwa na tyubu ya silikoni mkononi. Anapaka ukingo wa dirisha kwa nje, analainisha kwa kidole kilicholowa mate, anarudi nyuma hatua mbili kujitazamia kazi yake, kisha anatangaza kwamba ufa umezibwa. Mimi nasema hajaziba kitu. Amepaka. Tofauti ya kuziba na kupaka ndiyo nitakayoizungumza hapa, kwa sababu inatugharimu magari, inatugharimu mali, na siku mbaya ikifika inaweza kutugharimu watu.

Ndugu msomaji, unaweza kujiuliza mfanyabiashara wa vitenge anahusika vipi na madirisha ya magari. Ninahusika sana. Mimi ni mtu wa minada. Nauza vitenge, mashuka na vyandarua, na gari langu ni Toyota Coaster la zamani ambalo viti vyake vya nyuma viling'olewa, mahali pake pakawekwa kitanda, rafu za mizigo na kona ya jiko. Siku nne au tano za kila wiki mimi na mke wangu tunalala humo: leo Masumbwe, kesho Ushirombo, kisha tunarudi kupitia Kahama hadi nyumbani. Wazungu nao wana magari ya kulala, nao huyaendesha wakiwa likizoni. Kwetu sisi gari hili ndilo duka, ndilo ghala, na ndilo nyumba. Dirisha lake likivuja, halivuji juu ya kiti kitupu. Linavuja juu ya godoro na juu ya mtaji.

Tena siko peke yangu. Kagongwa iko kwenye barabara itokayo Isaka kwenda Kahama na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda kule Rusumo. Malori yapitayo hapa yana madereva na matingo wanaolala ndani ya kebini zao. Mchele wetu, ambao ndio unaoutambulisha mji huu, husafirishwa kwa magari ya kila umri. Abiria wa vijijini husafiri kwa mabasi madogo ambayo yalikwisha kutumika miaka mingi nchi za nje kabla ya kufika kwetu. Watu wa ukanda huu tunaishi ndani ya magari ya zamani. Hilo si jambo la aibu. Aibu ni jinsi tunavyoyatunza.

Tuanze na hali ya hewa, maana ndiyo inayotudanganya. Sehemu hizi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Jua hilo ndilo linaloharibu mpira wa kioo: unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogo ndogo, na unasinyaa hadi kwenye kona unaachana na kioo. Lakini kwa kuwa hakuna mvua, mwenye gari haoni dalili. Anangoja Novemba imwamshe usiku kwa tone la maji usoni. Angekuwa na macho, angelijua tangu Agosti. Kila penye mstari wa vumbi laini kwenye kona ya ndani ya dirisha, hapo pana njia, na njia ya vumbi ndiyo itakayokuwa njia ya maji.

Sasa tazama ilivyo. Dirisha la kioo kisichofunguka, katika magari mengi ya zamani, hushikwa na mpira wenye mifereji miwili. Mfereji mmoja unaumata kioo, wa pili unaumata ukingo wa bati la bodi. Mpira ukiwa mzima, maji hayapiti. Ukisinyaa, maji huingia kwenye mfereji wa pili na kutuama chini ya dirisha, mahali ambapo jicho halifiki. Anayepaka silikoni kwa nje anafunga ule ukingo anaouona. Maji yatapata upenyo mwingine, kwenye kona ya juu au chini ya utepe wa pambo, na yakishaingia hayana tena pa kutokea. Kabla ya kupaka, dirisha lilikuwa linavuja na kukauka. Baada ya kupaka, linavuja na kuhifadhi. Mwenye gari haoni tone ndani kwa wiki tatu, anajisifu, na muda wote huo chuma kimelala majini.

Madirisha ya kusukuma yana balaa lake. Reli ambamo vioo vyake hutembea zimeundwa zikijulikana kwamba maji yataingia, na ndiyo maana chini yake mna vitundu vidogo vya kuyatoa nje. Vitundu hivyo huziba kwa vumbi, majani na makombo ya mikate ya abiria. Maji yakikosa pa kupita hujaa ndani ya reli na kumwagikia ndani ya gari. Dawa yake ni waya mwembamba na kikombe cha maji, kazi ya dakika kumi isiyogharimu senti. Lakini nimeona kwa macho yangu magari mengi ambayo mpakaji, alipoona vitundu hivyo, alidhani ndivyo vinavyovujisha, akavipaka silikoni vyote kwa bidii. Huyo ni sawa na mtu anayeziba mlango wa nyumba ili mgeni aliyemo ndani asiingie.

Hata silikoni yenyewe tuijue. Ile ya bei nafuu inayonuka siki, hainuki hivyo kwa bahati mbaya. Inapokauka hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo hushambulia chuma kisicho na rangi. Ukiipaka juu ya bati lililokwisha kukwaruzika, umelisha kutu unayodai kuizuia. Isitoshe, pale ilipopita silikoni, kitu kingine hakishiki vizuri: si rangi, si gundi nyingine, wala hata silikoni mpya juu ya kuukuu, mpaka ile ya zamani ikwanguliwe yote hadi chuma kionekane. Kwa hiyo anayepaka leo anamharibia pia yule atakayetaka kutengeneza kesho.

Nililinunua Coaster langu likiwa limekwisha kupakwa na waliotangulia. Kioo kikubwa cha ubavuni, karibu na kitanda chetu, kilikuwa na silikoni tabaka tatu: nyeusi, nyeupe, na nyingine isiyo na rangi. Masika ya kwanza robota la vitenge lililowa kutoka chini, na mke wangu, ambaye ndiye mwenye pua, akasema pana uvundo ukutani. Tukakitoa kioo. Chini ya tabaka zile tatu ukingo wa bati ulikuwa umejaa magamba ya kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ilikuwa imeusukuma mpira nje kama jino bovu linavyosukuma ufizi, na muda si mrefu ingekipasua kioo chenyewe. Fundi alipogusa nguzo ya bodi chini ya kona ile kwa bisibisi, bisibisi ilizama. Chuma kilikuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la maji tu. Nguzo zilizo kati ya dirisha na dirisha ndizo zinazobeba paa. Gari likisimama hazina kazi kubwa, lakini gari likipinduka ndizo zinazoamua kama paa litabaki juu ya vichwa au litashuka juu yake. Dunia inalijua jambo hili kiasi kwamba Umoja wa Mataifa una kanuni yake, Kanuni Namba 66, ihusuyo nguvu ya bodi ya mabasi makubwa, inayotaka basi likipinduka bodi isibonyee hadi kuingilia nafasi ya abiria. Mtengenezaji anaweza kutimiza kanuni hiyo kiwandani kwa chuma kipya. Nani anayeitimiza miaka 25 baadaye, baada ya dirisha kuvuja misimu 10? Stika ya usalama inabandikwa juu ya kioo. Haisemi neno lolote kuhusu kinachokishika kioo hicho.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeyasikia yote kijiweni.

La kwanza ni kwamba mipira ya magari ya zamani haipatikani. Ni kweli kwamba mpira uliochongwa mahususi kwa gari la umri ule ni shida kuupata. Lakini kwa madirisha mengi ya ubavuni hauhitajiki huo. Kuna mpira wa mita, unaouzwa kwa kukatwa, wenye mifereji miwili na uzi mgumu wa kufungia katikati. Unachohitaji ni kujua vipimo vitatu: unene wa kioo, unene wa bati, na nafasi iliyopo kati ya kioo na bati. Asiyekuwa na vipimo hivyo akienda dukani atarudi na mpira usiofaa, kisha atasema haupatikani.

La pili ni gharama. Tyubu ya silikoni ni rahisi kuliko mpira, hakuna anayebisha. Lakini hesabu ya minada ilinifundisha kutotazama bei ya kitu kimoja peke yake. Tyubu tatu kwa mwaka, mara miaka mitano, ongeza robota lililolowa, godoro lililooza, plaiwudi iliyovimba, na mwisho kuchomelea nguzo mpya. Nani basi aliyetumia fedha nyingi? Maskini ndiye asiyemudu kabisa kurudia kazi ile ile kila masika.

La tatu ni kwamba gari kuukuu halistahili kuhangaikiwa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Volkswagen ilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950, lile ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Kombi, na mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1950 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuligeuza nyumba yenye kitanda na kabati. Mengine ya zama zile yanatembea hadi leo. Hayakutengenezwa kwa chuma cha ajabu. Wanaoyatunza watakwambia kwamba chini ya vioo ndipo yanapooza kwanza. Yanatembea kwa sababu wapo watu wanaotoa vioo, wanakwangua kutu, wanaweka mpira mpya na kuvirudisha. Nasi tunalo Land Rover la kijijini ambalo babu alilinunua na mjukuu analiendesha. Gari halioni umri wake. Linaona mikono tu.

Na la nne ni kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Hapana. Mafundi wa bodi wa Kahama na Kagongwa wanaijua kazi hii vizuri, na wengi huifanya kwa vifaa ambavyo fundi wa Ulaya angevicheka. Tatizo liko kwetu wenye magari. Tunafika saa nne asubuhi, tunataka gari saa kumi jioni, na tunalipa kwa kinachong'aa. Fundi akisema nipe siku tatu nitoe vioo, tunamwambia anatuibia, tunahamia kwa jirani yake mwenye tyubu. Kwa namna hiyo tumewafundisha vijana kwamba kupaka kunalipa na kutengeneza hakulipi. Kisha tunalalamika kwamba ufundi umekufa. Ufundi haukufa wenyewe, tumeunyima chakula.

Kwa kuwa sipendi mtu anayepinga bila kuonyesha njia, nitaeleza inavyotakiwa. Kwanza tafuta maji yanapoingia, maana doa halikai mahali pa tundu. Maji huweza kuingia kwenye boliti ya keria juu ya paa yakatembea ndani ya dari hadi yakatokea dirishani. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje akianzia chini ya dirisha na kupanda polepole. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua kitu. Mkimwagia dirisha lote na ndani kukabaki kukavu, basi lawama si ya dirisha. Pandeni juu mkatazame keria na mfereji wa paa.

Ikithibitika ni dirisha, kioo kitoke. Mpira mkavu ukatwe kwa kisu, usivutwe kwa nguvu mpaka kioo kipasuke. Ukingo wa bati ukwanguliwe hadi chuma safi, palipooza pakatwe na kuchomelewa bati jipya, si kujazwa puti. Kisha rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na zote zikauke kweli. Mpira mpya ukatwe kwa kuzidisha kidogo, usukumwe uingie, usivutwe ufike; mpira uliovutwa utarudi ulikotoka na kuacha mwanya. Pale ambapo mpira ni wa kipande kimoja, pitisha kamba nyembamba ndani ya mdomo wake mzunguko mzima, paka maji ya sabuni, mtu wa nje akikandamiza kioo wa ndani avute kamba, na mdomo utapanda juu ya bati wenyewe. Sabuni, narudia, na wala si oili chafu wala grisi, maana mafuta ya petroli huuvimbisha mpira na kuulegeza. Na magari ambayo vioo vyake vimegandishwa kwa gundi tangu kiwandani yana gundi yake maalumu ya poliurethani na dawa ya kutangulizwa chini yake. Hayo apewe fundi anayeijua, wala silikoni ya bafuni haina kazi hapo.

Kazi hii si ya siku moja, na si lazima ifanywe yote kwa mkupuo. Sisi tulifanya dirisha moja moja, kila tulipopata nafasi kati ya mnada na mnada, kuanzia lile la kitandani. Mwenye madirisha 8 akianza Mei mvua inapokata, akitoa mawili kila mwezi, atamaliza kabla Septemba haijaanza, na bado atakuwa na wiki nyingi za kupima kabla ya wingu la kwanza.

Naomba pia niseme neno kwa wauzaji na wanunuzi. Siku hizi gari likitaka kuuzwa hupelekwa kwanza kupakwa. Madirisha yote yanazungushiwa silikoni mpya nyeusi inayometa, na mnunuzi anaambiwa limetunzwa. Mimi nikiona silikoni mpya kwenye gari kuukuu ninaiona kama kitambaa kilichotandikwa juu ya meza iliyovunjika mguu. Mnunuzi, usitazame kung'aa. Bonyeza kwa kidole kona za chini za kila dirisha kwa ndani. Inua kapeti. Nusa. Pua haijawahi kupakwa rangi. Nawe muuzaji, ikiwa unajua kilichomo chini ya tabaka hiyo na umenyamaza, usijiite mjanja. Umemuuzia mwenzako kutu, na pengine umewauzia watoto wake paa lisilo na nguzo.

Wapo watakaosema nimekuza jambo dogo. Dirisha ni dirisha tu. Lakini mimi nimeona tabia ile ile kwenye kuta za madarasa yenye nyufa zilizopigwa chokaa, na kwenye mashimo ya barabara yanayojazwa kifusi wiki ya kupokea mgeni. Mkono uliozoea kupaka haubagui mahali pa kupaka. Basi na tuanze kuuzoeza mkono huo kazi nyingine pale tulipo na mamlaka kamili, yaani kwenye mali yetu wenyewe. Mwenye gari linalovuja atoe kioo kabla ya Novemba, amlipe fundi siku zake tatu bila kunung'unika, na akatae kwa adabu tyubu atakayoletewa. Akifanya hivyo, ile methali ya wazee atakuwa na haki ya kuitaja.